Ng'ombe Wetu wa Angani

Enzi zetu, na ninyi mliokulia Kitengela kabla ardhi haijakatwa ploti mtanielewa, anga lilikuwa mali ya watoto. Wazee walikuwa na ng'ombe, akina mama walikuwa na maziwa, sisi tulikuwa na ndege. Zilipita juu yetu zikielekea uwanjani Nairobi, zimeshuka chini kiasi cha kuona magurudumu yakitoka tumboni, na mbuzi walikuwa wamezizoea hata hawainui vichwa. Sisi ndio hatukuzizoea. Tulilala chali kwenye nyasi tukazitazama mpaka macho yakatoa machozi. Nimeyakumbuka haya kwa sababu mwaka huu ilinibidi nimpandishe mama yangu ndege, na nyonga yake haikutaka.

Kwa Wamaasai hakuna mali isiyo na mwenyewe. Nyumbani kila ng'ombe alijulikana kwa rangi yake, mabaka yake na pembe zake, basi na sisi tukazigawana ndege kwa namna hiyo hiyo. Yenye tumbo la kijani ilikuwa ya huyu, yenye mkia mwekundu ya yule. Kaka yangu Lemayian, kwa kuwa alikuwa mkubwa na alikuwa na ngumi, alijitwalia ile jumbo yenye nundu kichwani. Tuliiita Ndume wa Nundu. Ilikuwa na injini nne, na mngurumo wake uliingia mpaka mbavuni. Ilipopita tulinyamaza wote mpaka ipotee. Rafiki yetu Wambui, ambaye wazazi wake walihama kutoka Murang'a wakanunua shamba jirani, alipewa ndege moja ndefu na nyembamba. Mimi, msichana na mdogo wa wote, niliachiwa kandege ka mapangaboi mawili. Lemayian aliniambia hiyo ni mbuzi, nishukuru.

Baba alikuwa na neno moja tu juu ya mchezo huu. Kwa mila yetu ng'ombe hawahesabiwi, watu nao hawahesabiwi, kwa hiyo alipotusikia tukihesabu ndege za asubuhi alitukatiza. "Hiyo iko na watu kwa tumbo. Mnahesabu watu ya nani?" Tangu siku hiyo tulizitaja kwa majina. Siku ndama alipopotea tukiwa tumelala chali hatukukatizwa, tulichapwa, na nilikula viboko vyangu huku Ndume wa Nundu akipita juu ya boma. Nililia, lakini nilimtazama.

Habari za ndani ya ndege tulizipata kwa mjomba wa Wambui, aliyekuwa akifagia huko zikishatua. Alitueleza kwamba mbele kuna viti vinavyolala vikawa vitanda, kuna pazia, kuna kitaulo cha moto cha kufutia uso, na kwamba nyuma watu hubanana magoti yakigusa kiti cha mwenzao. Tukajenga ndege yetu kwa mawe. Mbele tulitandika ngozi ya ng'ombe, nyuma tukaacha mawe matupu, na pazia likawa leso ya mama yake Wambui. Lemayian alikaa kwenye ngozi kila siku. Mama yangu alipita na mtungi wa maji, tukamsihi apande, akakaa kwenye jiwe la nyuma akiwa bado na kamba ya mtungi kichwani. "Hii kiti ni ngumu," alisema. "Hata hapo Isinya siwezi fika." Kisha akaenda zake kupika, nasi tukaendelea na safari yetu.

Watoto wa leo hawana habari. Nikimwonyesha binti yangu Naserian ndege inayopita, anatazama simu kwanza. "Mum, hiyo inatoka Dubai, iko kwa app," ananiambia, na anataja mpaka mwendo wake, na shingo yake haijainuka hata kidogo. Mimi namwonea huruma, naye ananionea huruma mimi.

Lemayian alikwenda Johannesburg kutafuta kazi, akaoa huko. Makaratasi yake hayajakamilika mpaka leo, akitoka hataruhusiwa kurudi, kwa hiyo hajakanyaga nyumbani tangu alipoondoka. Ana mtoto wa miaka mitatu, Nashipae. Kila Jumapili tukitoka kanisani tunawapigia simu ya video. Mtoto amefundishwa na baba yake. Anainamisha kichwa mbele ya simu, kama sisi tulivyoinamisha vichwa kwa kila mzee tuliyekutana naye njiani ili atusalimu kwa kiganja utosini, na Mama ananyoosha mkono amguse. Kiganja kinafunika kioo, kinabonyeza pale pekundu, simu inakata. Tunapiga tena, mtoto anainama tena, simu inakata tena. Nilimwambia Mama apunge mkono tu kutoka mbali, akanitazama kama niliyemtukana. "Mtoto hasalimiwi kwa glasi," alisema. "Mimi nataka kushika hiyo kichwa kabla nife."

Shida ilikuwa nyonga. Daktari alisema asikae amejikunja muda mrefu, nyonga ikikaza hatasimama mwenyewe. Basi la siku nyingi kupitia Namanga halikufikirika. Na ndege nayo Mama aliiogopa, ila si kuanguka. Aliogopa kufika akashindwa kuinuka, akabebwa na vijana asiowajua mbele ya mkwe wake kama gunia la mahindi. Aliniambia mara moja tu, kwa sauti ndogo, nami nikajua hatapanda mpaka nimhakikishie kiti.

Basi nikarudi kwenye mchezo wetu. Jioni, nikishafunga duka langu la dawa za mifugo, nilisoma wasafiri wanavyoandika mitandaoni kuhusu ndege wanazozipenda, nikapigwa na butwaa. Watu wazima wenye vyeo wanabishana vilevile kama sisi nyasini. Huyu anaililia jumbo yenye nundu kwa sababu ya ghorofa yake ya juu, na anasikitika kwamba zimebaki chache. Yule anaapia ile ya ghorofa mbili toka mbele hadi nyuma, kwamba ndani ni kimya hata unasikia jirani akifungua peremende. Wengi walizisifu hizi mpya za injini mbili, zenye madirisha makubwa na hewa isiyokausha koo. Mtu anapima nafasi ya magoti kwa rula. Niliwapenda watu hao bila kuwajua.

Nilipokwenda kukata tikiti, nilimuuliza msichana wa ofisini siku hiyo inaruka ndege gani. "Madam, ndege si ni ndege?" alinijibu, kwa heshima kabisa. Nikamweleza polepole kwamba hapana, kuna ile nyembamba ya njia moja katikati, na kuna ile pana ya njia mbili ambayo mgonjwa anaweza kusimama na kutembea. Alitafuta, akakuta pana ni ya Alhamisi. Tukaahirisha safari kwa siku mbili, na kiti nikachagua mwenyewe, dirishani, safu ya kwanza baada ya ukuta, mahali ambapo mguu unanyooka.

Asubuhi hiyo Mama alivaa shanga zake za harusi. Alipoingia mlangoni mwa ndege alisimama, fimbo mkononi, akaangalia viti vile vyote mpaka mwisho, na taa zenye rangi ya alfajiri darini. Watu walisubiri nyuma yetu. "Hii ni manyatta mzima," alisema. Alikaa, akanyoosha mguu, akapapasa kitambaa cha kiti kwa kiganja, akajaribu tena. Kisha akaniitikia kwa kichwa, kwamba kinafaa.

Ndege ilipopaa alinishika mkono, akashusha macho chini. Akaniuliza nyumbani ni wapi. Nikatafuta. Mimi niliyezijua ndege zote kwa matumbo yake, sikuweza kuijua Kitengela kwa juu. Yalikuwa mabati tu, mabati mpaka yakaisha. Nilisikia uchungu ambao sikuutarajia. Kisha mawingu yakatufungukia, na upande wetu, kwa mbali, Kilimanjaro ikatokea, kilele peke yake, chini ya usawa wetu. Mama alizaliwa Illasit, miguuni pa mlima huo, na utoto wake wote aliutazama kwa kuinua kidevu. Aliegemea dirisha kubwa lile, na machozi yalimtoka bila kuyafuta. "Kumbe iko na kipara," alisema hatimaye. "Tukiwa wadogo ilikuwa nyeupe mpaka mabega."

Kila saa nilimwinua tukazunguka, tukienda kwa njia hii na kurudi kwa ile. Safari ya tatu alikuwa akiwasalimu watu kwenye viti vyao. Ndege ilipotua nilimtangulia nikageuka kumpa mkono. Hakuuchukua. Alishika mgongo wa kiti, akakunja uso, nyonga ikalia, akasimama.

Lemayian alikuwa ng'ambo ya kizuizi, mvi zimemwingia, na Nashipae amemshika suruali. Mtoto alipotuona hakukimbia kutukumbatia kama watoto wa kwenye runinga. Alikuja polepole katikati ya mikokoteni ya mizigo, akasimama mbele ya fimbo ya bibi yake, akainamisha kichwa. Mama aliinama. Aliinama mpaka nikaogopa, akaweka kiganja juu ya nywele zile, na hakuna kilichokata.

Enzi zetu ndege zilikuwa mbali na mikono ya wazee ilikuwa karibu, tuliipita kumi kabla ya kufika kisimani wala hatukuiona kuwa kitu. Leo ndege ndizo ziko karibu. Lemayian alisimama pembeni akilia waziwazi, kisha naye, mwanaume mzima mwenye mvi, akasogea akainamisha kichwa chake asubiri zamu. Mama hakumgusa upesi. Mkono ulikuwa bado juu ya mtoto, na watu wa nyuma wakaanza kutupita pande zote mbili.