Siku Mama Alipokataa Kucheza

Juzi niliona wanawake wamepangwa kando ya barabara wakimsubiri mheshimiwa, nikamkumbuka mama nilipokuwa mtoto kijijini Kabati. Aliongoza kikundi cha wacheza ngoma, na alitamani sana jina lake litajwe redioni. Siku moja walimsubiri mheshimiwa mmoja, wakicheza juani mpaka nguo zikanuka jasho na vumbi. Magari yake yalipita tu, vioo vimefungwa.

Kisha chifu akaja mbio. "Mama Mwende, chezeni tena, mpiga picha amefika!"

"Mimi nimemaliza," mama alisema, akanishika mkono.

Alitetemeka njia nzima, nikadhani ni malaria. Sasa najua ilikuwa hasira.

Kikundi kilichagua kiongozi mwingine, na wenzake wakaacha kututembelea. Mama alipalilia pojo zake peke yake, na sikumsikia akijuta.