Shikamoo Niliyopewa na Mama Wema

Mama Wema ni mkubwa kuliko mama yangu mzazi. Asubuhi ile hapa Newala aliniona, akatua ndoo, akainamisha kichwa.

"Shikamoo."

Mimi! Nilitamani ardhi ipasuke.

"Mama Wema, mbona unanitafutia laana?"

"Mjomba wako kasema wewe wakili. Umekuja kunifunga, achukue kisima."

Nikapandwa na hasira.

Wakili gani? Nina digrii ya sheria, basi. Uwakili una shule yake na kiapo chake, huko sijafika. Niliosoma nao mmoja yuko benki, mwingine halmashauri, mwingine anaandika habari. Mjomba Mudathiri nilishamweleza mpaka mate yakanikauka.

Haelewi. Anataka kisima tu.

Kwetu maji ya bomba yanakuja yakijisikia. Kisima kile cha kuvunia maji ya mvua ndiyo roho ya Mama Wema, mjane wa watu. Kiko mpakani na kiwanja cha mjomba, naye anadai kimeingia kwake.

Alasiri mjomba akanikokota mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa. Mama Wema alishaitwa.

"Wakili wetu huyu hapa," mjomba akatamba. "Faidha, mmalize!"

"Mimi si wakili. Ila nina swali. Mjomba, kisima kilipochimbwa ulikuwa wapi?"

Akacheka kwa dharau.

"Nilikuwepo! Sururu ilikuwa yangu. Bila mimi, yeye na marehemu mumewe wangeweza nini?"

"Uliwakataza?"

"Niwakataze vipi na mimi nachimba nao?"



Mwenyekiti akamtazama. "Mzee Mudathiri, umechimba nao, ukanyamaza miaka yote. Leo unadai nini?"

Macho yakamtoka mjomba. Alikuwa amemtolea ushahidi Mama Wema kwa mdomo wake mwenyewe.

"Nyoka wewe! Nimekusomesha uje uning'ate?"

Kabla ya magharibi begi langu lilikuwa nje.

Nikielekea stendi kutafuta gari la Masasi, nikapita kwa Mama Wema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Hakunikaribisha. Alifunika kisima chake, akaingia ndani. Iliniuma, lakini simlaumu. Jina langu ndilo lililotumika kumtisha.

Nyie mnaosomesha watoto sheria ili mpate mbwa wa kutishia majirani, mmeliwa. Chuoni tulifundishwa kuuliza. Basi msipige kelele swali la kwanza likiwaangukia nyie.