Oveni Ilivyomfungia Baba Mkwe Kuku Wake

Hii aibu nikiikumbuka bado nafunika uso na leso, lakini wacha niiseme mwenyewe, maana shemeji yangu Wafula huisimulia kila harusi na kuitia chumvi kama githeri.

Nilikuwa na miezi minne kwa ndoa, mimi msichana wa Kikuyu wa hapa Kitale, nimeolewa na Mbukusu wa Kabuchai, na siku hiyo wakwe walikuwa wanatoka Bungoma kuja kula kwangu mara ya kwanza. (Kwao kuku ndiye mtihani wenyewe, na firigisi ni ya mzee, ikikosa kwa sahani umemdharau.) Tayari shangazi zao walikuwa wamesema ati watu wa irio, wa kupondaponda viazi na mahindi, hawawezi kuku. Nikaapa watajiramba vidole!

Kuku wa kienyeji nikamkatakata, nikamchemsha mpaka akalainika, halafu nikamwaga vipande vyote kwa trei nikaingiza kwa oveni, ile mzungu jirani alituuzia akirudi kwao, ndio akauke vizuri. Sasa Wafula alikuwa ametangulia kufika tangu asubuhi, na huyo bana mkono wake hauheshimu sufuria ya mtu. Nikasikia wageni langoni. Juu ya mlango wa oveni kulikuwa na mkono wa chuma wa kufunga, nikausukuma ili Wafula asidokoe nikiwa nje, ukakataa kukaa mpaka nizungushe swichi hadi mwisho kabisa, ndio ukashika. Ka! Nikaenda kusalimia watu nikiringa.

Mzee alikuwa katikati ya maombi ya chakula (na anaomba huyo, amefika kwa wagonjwa wa Bumula) moshi ukaingia sebuleni. Mama mkwe akafungua jicho moja. Nikakimbia jikoni, nikavuta mlango, wapi! Mume wangu akavuta, Wafula akavuta, tukaita fundi wa stima, akazima meni, swichi kubwa ya nyumba nzima, na bado.

"Mama, hii haijaharibika," fundi akasema. "Hapo umeweka moto wa kujisafisha, wa kuchoma uchafu uwe jivu. Moto ukizidi, kuna chuma ndani inasikia joto, inashika mlango isichome mtu. Hata uzime stima, lazima ipoe kwanza ndio iachilie."

"Na kuku wangu?"

"Kuku sasa ni uchafu."

Tukangoja karibu masaa mawili, wakwe wameleta viti mpaka jikoni, ugali unapoa, mimi natamani ardhi ipasuke. Mlango ukaachilia. Ndani kulikuwa kunang'aa kuliko siku tuliyoinunua, na kwa trei kulikuwa na makaa.

"Na firigisi?" Mzee akauliza polepole.

Nikaanza kulia, jamani, kulia kabisa. Hapo Wafula akakohoa, akatoa kwa mfuko wa koti kitu kimefungwa na gazeti. "Baba, hii niliitoa kwa sufuria ikichemka. Nilikuwa natafuta mahali pa kuilia, lakini tangu mfike Mama hakuniacha hata dakika moja."

Mzee akaipokea kwa mikono miwili, akamega ugali baridi, akatafuna mpaka ikaisha.

"Huyu msichana anajua kuku," akasema.

Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini kwa simiti. Mimi tangu siku hiyo sifungii mtu chakula, na kuku akianza kuchemka namwita Wafula mwenyewe, "Shemeji, kuja uibe mapema."