Uji wa Mzee Feliksi

Kila asubuhi Verediana huchota kijiko kimoja cha uji kutoka kikombe cha Feliksi, hukinywa mbele yake, kisha humsogezea kikombe. Hufanya hivyo hata uji ukiwa wa moto wa kumtoa machozi. Feliksi, mkulima wa kahawa kutoka Kalinzi, aliletwa katika nyumba hii ya Bangwe miaka miwili iliyopita akiamini kwamba chakula chake kinatiwa sumu. Siku tatu hakula. Siku ya nne Verediana, ambaye ndiye mpishi, alionja kwanza, na Feliksi akala.

Wagonjwa wa akili wanaotunzwa hapa ni wanane, na wote humwita Verediana Mama Scola. Mafunzo aliyopata ni semina ya wiki moja. Lakini anajua nani hawezi kulala gizani, na nani haguswi begani kabla ya kuambiwa. Hubisha hodi kila chumba. Akijibiwa "bado", huondoka na kurudi baadaye.

Mwezi niliokaa pale kupanga mafaili, Feliksi aliacha kumeza vidonge. Sharti la nyumba lilikuwa wazi: siku saba bila dawa, mgonjwa anarudishwa wodini hospitali na kitanda chake anapewa mwingine. Siku ya tano Sista Aikande, muuguzi msimamizi aliyehamia kutoka Moshi, aliingia jikoni.

"Shikamoo, Mama Scola."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimefikiria. Tukivisaga vile vidonge tukavitia kwenye uji, hatajua."

"Na mimi ninayeonja?"

"Kijiko kimoja tu, mama."

"Nitasinzia hapa mezani. Mchana mtakula nini?"

Aikande alicheka. Hakuwa na nia mbaya. Alimwona Feliksi siku anafikishwa, mikono imefungwa kamba, na hakutaka kumwona vile tena.

"Basi usionje," alisema.

"Nisipoonja hatakunywa. Nikimdanganya akagundua, hatakula tena kwa mkono wa mtu yeyote humu. Hapana, Sista."

Sikuwahi kumsikia akimwambia Sista hapana. Alichukua vidonge kwa mkono mmoja na kikombe kwa mkono mwingine, akaenda kuketi barazani karibu na Feliksi. Alionja uji kama kawaida.

"Mzee, uji wako huu. Dawa hizi hapa. Kuna aliyetaka nizichanganye, nimekataa. Sasa niambie, kwa nini huzitaki?"

Feliksi aliuacha uji ukafanya utando. Kisha akanyoosha mkono wa kulia. Ulikuwa unatetemeka.

"Tangu waniongezee hizo, nikicheza bao kete zinaniponyoka. Zinaangukia shimo lisilo lake. Isaka ananiita mwizi. Mimi, mwizi!"

"Ni mwizi huyo!" Isaka, mgonjwa mwenzake, alipaza sauti kutoka bombani, alikokuwa akifua shati. "Jana kaninyang'anya kete sita!"

"Funga domo, Isaka," Verediana alisema. "Mtu anaeleza ugonjwa wake."

Katika mafaili yote niliyopanga, hakuna mahali palipoandikwa habari ya mkono ule. Verediana alimweleza Aikande, na Aikande, bila kununa, akampigia daktari simu pale pale. Daktari alifika kesho yake, akamwambia Feliksi anyooshe mikono yote miwili, akambadilishia dawa. Siku ya saba, asubuhi, Feliksi alimeza kidonge kipya mbele yetu sote. Mkono ulichukua wiki mbili kutulia. Isaka bado anamwita mwizi.

Siku ya kuondoka nilimkuta Verediana akichambua mchele. Nilikuwa na swali moja tu, na nilikuwa nimelikalia muda mrefu: kama Feliksi angekataa hata siku ya saba, yeye angefanyaje?

"Angerudishwa hospitali," alisema. "Ningemwambia tunakokwenda kabla hatujapanda gari."