Siku Niliyotafsiri Hotuba Isiyotolewa

Nianze na aibu yenyewe, ili nikifika mbele msinikatize kwa vicheko: mimi Rehema, mpiga chapa wa serikali mwenye cheti ukutani, niliwahi kusimama chini ya turubai kule Ihumwa, mbele ya mchungaji, kwaya na ukoo mzima wa watu, nikatafsiri hotuba ambayo mwenyewe hakuitoa.

Ilikuwa miaka ile kompyuta zinaingia maofisini na sisi wa taipureta tunapunguzwa mmoja mmoja. Nilikuwa nimepanga chumba Makole, hapa Dodoma mjini, ua mmoja na Yustina. Yustina ni fundi cherehani, kiziwi tangu akiwa na miaka minne (homa ya uti wa mgongo), na kwa mkono wake ule hata wake za wabunge walikuwa wakipanga foleni barazani kwetu msimu wa Bunge. Tuliishi pale miaka mitatu, akanifundisha alama za chumvi, maji, mwenye nyumba huyo anakuja, pamoja na umbea wote wa lazima, basi mimi nikajiona nimehitimu lugha ya alama. (Mtu anayejua kuomba chumvi kwa Kiingereza hajiiti Mwingereza, lakini hilo halikunijia.)

Kaka yake, Daudi, alikuwa anafundisha Botswana, kama walimu wetu wengi waliokwenda kutafuta maisha kule. Siku moja ikaja barua: amesikia Afrika Kusini wapo madaktari wanaopasua nyuma ya sikio na kupandikiza kifaa, kiziwi akaanza kupokea sauti, na yeye yuko tayari kumpeleka dada yake. Yustina akaniletea barua ile nikiwa napepeta mchele, akaniuliza kwa mikono: wewe unaonaje?

Mtu mwenye busara angemrudishia swali, na wewe mwenyewe unaonaje? Mimi nikatupa ungo, nikamkumbatia, nikamwambia nenda, nenda hata kesho! Yeye akaweka kidole kwenye paji la uso, akakizungusha taratibu, nami nikajua anasema kichwa kinamzunguka kwa furaha.

Jumamosi ya wiki ileile mama yake akaja mjini. Yeye na binti yake walielewana kwa ishara za nyumbani tu, za kula na kulala na kazi, kwa hiyo jambo zito kama lile akaniuliza mimi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii barua ya Daudi, mwenzio anasemaje?"

"Amekubali, mama! Kafurahi mpaka kichwa kinamzunguka."

"Una hakika? Lugha yao unaijua vizuri?"

"Mama, naijua kama ninavyoijua taipureta."

Basi. Mama akamwambia mchungaji, mchungaji akatangaza ibada ya shukrani nyumbani kwa mama, kule Ihumwa, kwaya ikafanyia mazoezi wimbo mpya, beberu akachinjwa, turubai likafungwa. Yustina aliambiwa tu kuna ibada nyumbani, naye akaja na rafiki zake viziwi wanne, pamoja na Mwalimu Lameki anayefundisha watoto viziwi. Mimi nilivaa kitenge kipya nikakaa mbele kabisa, kiti cha mkalimani.

Mchungaji akasimama. "Binti yetu Yustina anakwenda kufunguliwa masikio!"

Vigelegele. Nikamgeukia Yustina nikamweleza kwa alama zangu zile za chumvi na maji: sikio, kukata, safari, furaha. Uso wake ukabadilika. Akasimama, akaanza kusema kwa haraka na kwa ukali, alama ambazo pale uani hatukuwahi kuzitumia, nikawa napata moja katika kumi. Ningeweza kusema sijaelewa. Lakini mama ananitazama, mchungaji ananitazama, na kitenge kinang'aa.

"Anasema anawashukuru wote," nikaanza. Yustina akajipiga kifua. "Anasema moyo unamdunda kwa furaha." Akaionyeshea kwaya kidole, akatikisa kichwa. "Anasema... akirudi atajiunga na kwaya!"

Mpiga ngoma wa kwaya hakungoja lingine. Wimbo ukalipuka, kina mama wakaingia kati wakicheza, Yustina katikati yao kainua mikono juu kuwazuia nao wakadhani anacheza (wakamwongezea vigelegele!), na kule nyuma viziwi wanne wamepanda juu ya benchi wanapunga mikono, mmoja kajishika kichwa, mwingine anacheka mpaka machozi.

Mwalimu Lameki akapenya katikati ya wachezaji mpaka kwa mchungaji. Wimbo ukafa sauti mojamoja.

"Samahani, Mchungaji. Na wewe dada, samahani. Hakusema hivyo."

"Kasema nini?" mchungaji akauliza.

"Kasema, 'Nani kawaambia nimekubali?'"

Watu wote wakanigeukia. Nikatafuta pa kuyaweka macho, nikayaweka kwenye sufuria la nyama. Nikajieleza kwa sauti ya mbu kuhusu kile kidole cha kwenye paji, na Mwalimu, bila ubaya wowote, akaniambia kwamba ile alama maana yake ni "nafikiria".

Yustina akaanza upya, safari hii Mwalimu ndiye aliyempa sauti. "Sijakubali wala sijakataa. Nina maswali. Sauti sizikumbuki; nikizipata leo nitazielewa? Kifaa kikiharibika, hapa Dodoma atakitengeneza nani? Ninafundisha wasichana sita kushona, nitawaachia nani? Nilimwomba rafiki yangu ushauri, akanipa jibu kabla hajanisikiliza." (Hilo lilinifika.)

Mama yake akainuka. Alikuwa analia. "Mwalimu, muulize. Siku ile alipougua nilichelewa kumfikisha hospitali. Miaka yote nataka kumuuliza kama alinisamehe, sikuwa na njia. Nilidhani akipona masikio ndipo nitamuuliza."

Yustina akaitazama mikono ya Mwalimu mpaka mwisho, kisha akamjibu mama yake, polepole.

"Anasema, 'Ulinibeba mgongoni. Nakumbuka gauni lako lilivyolowa jasho. Kuchelewa sikukumbuki.'"

Wakashikana pale mbele ya watu, mchungaji akavua miwani akaifuta, na mimi na aibu yangu yote nikajikuta najivuna kupita kiasi: huyu ndiye jirani yangu, huyu.

Nyama ililiwa, msidhani ilitupwa.

Maswali yake yalikwenda Botswana kwa barua. Mimi nilipiga chapa tu, neno kwa neno. Daudi akawaendea madaktari, akajibu kwamba hawaahidi kitu kabla ya kumpima: mtu mzima aliyekuwa kiziwi tangu utotoni anaweza kupata mlio wa mlango na honi ya gari, lakini maneno yakataka miaka ya mafunzo au yasimjie kabisa, na lazima arudi kule mara kwa mara kurekebishiwa kifaa. Yustina akafikiri miezi miwili. Sikumgusia. Kisha akaandika: asante kaka, siendi. Lakini mama mmoja wa Makutupora alipokuja na binti yake mdogo aliyepoteza kusikia, akauliza habari za kifaa kile, Yustina hakumwambia nenda wala usiende. Alimhoji saa nzima, akamtuma kwa daktari na orodha ya maswali. Kushauri ndiko kule, jamani, si kutupa ungo.

Mimi nikaanza kwenda kwa Mwalimu Lameki kila Jumamosi. Mwaka wa pili wakanipa kutafsiri kwenye harusi ya viziwi, ukumbi umejaa, bwana harusi akasema jambo kwa kasi likanipita. Niliapa siku ile ya Ihumwa kwamba sitamsemea mtu nisichokipata. Basi nikainua mkono mbele ya ukumbi mzima, na kitenge changu, nikamwambia: "Rudia. Sijaelewa." Sijawahi kusema neno kwa fahari kama ile.