Uvimbe wa Esta Si wa Rhobi

Rhobi wa kijiji cha Nyamwaga hajui kula peke yake. Ndizi zikikomaa upande wake wa shamba, nusu ya mkungu inavuka kwenda kwa Esta, mke mwenzake. Esta akichinja jogoo, paja linafika kwa Rhobi kabla mchuzi haujapoa. Mume wao alipofariki, majirani walikaa mkao wa kusubiri ugomvi, wakachoka wenyewe.

Rhobi alipougua saratani ya titi, ni Esta aliyempalilia mahindi na kumkamulia ng'ombe kila alipokwenda Mwanza kutundikiwa dripu. Alipata nafuu, akanenepa, ubishi wake ukarudi. Nesi wa huko, Felistas, alimweleza ugonjwa wake mpaka ukamkaa kichwani, na Rhobi hakuchoka kuwasimulia watu, watake wasitake. Kwenye utando wa seli, yaani ngozi yake, kuna protini yenye kichwa nje na mkia ndani. Mkia huo ni kimeng'enya, yaani kichocheo cha kazi za seli. Ukiamshwa, unaiamuru seli igawanyike. Kwa kawaida protini hizo huwa chache, na hazifanyi fujo. Za Rhobi zilijazana mno, zikawa zinaamshana zenyewe, kama ng'ombe waliobanana zizini: mmoja akishtuka, wote wanashtuka. Dawa yake ilikuwa inakikamata kile kichwa cha nje, na mkia wa ndani unanyamaza.

Masika yaliyopita Esta aliingia jikoni kwa Rhobi, akafunga mlango, akauchukua mkono wa mwenzake na kuuweka kwenye titi lake. Kulikuwa na uvimbe mgumu. Rhobi aliubonyeza tena kuhakikisha.

"Twende Mwanza wakakupime."

"Wanichome sindano, usambae? Sitaki. Rhobi, wewe na mimi ni nyumba moja. Waambie ugonjwa wangu ni ule ule wako, wanitundikie dawa yako. Ya kupima nini tena?"

Kusema kweli, Rhobi alitaka kukubali. Tangu waolewe hakuwahi kumnyima Esta kitu. Lakini Felistas alikuwa amemwambia kwamba si kila saratani ya titi ina protini ile kwa wingi, na isipokuwapo, dawa haina cha kukamata.

"Kwenye hili, Esta, wewe si mimi," alisema, kwa ukali ambao hakuukusudia. "Dawa yangu huipati."

Esta aliondoka bila kuaga. Ndizi alizotumiwa jioni zilirudishwa, na Rhobi alilia kwa hasira na uchungu. Jumapili ikapita hawajasemeshana. Kisha asubuhi moja Esta akasimama mlangoni, amevaa nguo zake za kanisani.

"Mtu asiyeninyima kitu akininyima, kuna jambo," alisema. "Twende."

Huko Mwanza walikata kipande cha uvimbe wakakipima. Protini ile haikuwa nyingi. Uvimbe wa Esta ulikuwa unalishwa na homoni za kike. Daktari aliwaambia umewahiwa ungali mdogo: atafanyiwa upasuaji, kisha atatumia vidonge vyake mwenyewe.

"Na ile dripu ya mwenzangu?" Esta aliuliza.

"Ingepita tu mwilini, mama, na uvimbe ungeendelea kukua."

Walipotoka nje, Esta alikaa kwenye benchi, akamtazama Rhobi.

"Kumbe siku ile ungenikubalia," alisema, "ungekuja kunizika."

Rhobi alikaa karibu naye, furaha imemjaa mpaka machozi yanamtoka.