Uwanja Tuliokubali Uzungushiwe Ukuta

Shule niliionja tu, nikaiacha nikafuata ngamia. Malori yangu nimeyanunua kwa jasho, hakuna aliyenishika mkono. Kwa hiyo asije mtu kunifundisha maana ya ukuta.

Uwanja wetu hapa Garissa ulikuwa mchanga mtupu, na magoli ya mabomba yaliyopinda. Tuliugawa kama tunavyogawa kisima wakati wa kiangazi, kila kundi na zamu yake. Alfajiri ni sisi wazee, tunyooshe miguu. Watoto wakishaenda shule, wanawake. Mchana mwenye uwanja ni jua. Alasiri vijana na mpira wao, mpaka adhana ya magharibi.

Mke wangu ana sukari. Daktari alimwambia dawa peke yake haitoshi, atembee, tena kwa haraka, kila siku. Akapata wenzake, wakawa wanazunguka uwanja na mabuibui yao, raba miguuni, wakicheka kama wasichana. Miguu yake iliyokuwa ikifa ganzi ikaanza kupata uhai. Shida ilikuwa vijana wa bodaboda. Walikata njia katikati ya uwanja na kuwarushia maneno: "Mama, mbio za nini? Mzee amekukimbia?"

Ndipo watu wa ofisi ya kaunti wakaja, wakaita baraza, wakasema wanataka kujenga ukuta. Wazee wote tulikubali, na sauti yangu ndiyo iliyosikika zaidi. Kwetu kisima kikizungushiwa miiba si kwa kuwanyima watu maji. Ni ili wanyama wasivamie, waingie kwa zamu. Nani angejua kwamba kwa watu wa ofisi ukuta maana yake ni kufuli?

Ukuta ukapanda, geti la chuma likatiwa, nyasi zikaota, jukwaa likajengwa na kupakwa rangi. Kisha wakafunga. Mvua zimekuja na kwenda, bado pamefungwa.

Nikaenda ofisini. Kijana mwenye shughuli hiyo alisimama kunipokea.

"Adeer, karibu, keti." Anajua kumwita mzee baba mdogo, hilo simnyimi.

"Nimekuja kwa ajili ya uwanja."

"Bado haujafunguliwa rasmi, adeer. Tunamngoja mkubwa aje akate utepe."

"Huyo mkubwa ana sukari?"

"Sijui, adeer."

"Mke wangu anayo. Nipe makasi, nitakata mimi."

Akacheka. Mimi sikucheka. Mwishowe akampigia simu mlinzi wa geti: mama aruhusiwe asubuhi, kwa heshima yangu. Nilirudi nyumbani nimetunisha kifua. Wallahi, nilijiona nimeshinda.

Asubuhi nikamsindikiza. Wenzake walikuwa wametangulia getini, kamba za raba wameshafunga. Mlinzi akafungua nafasi ya mtu mmoja.

"Ni huyu mama tu."

Mke wangu akachungulia ndani. Mbuzi walikuwa wanakula zile nyasi.

"Na hao nani kawapa ruhusa?"

"Wanapunguza nyasi, mama," mlinzi akasema, macho chini.

Akanigeukia mimi. "Wewe uliomba nini huko ofisini?"

"Niliomba utembee."

"Peke yangu? Wenzangu wakae nje wanishikie viatu?"

"Ingia, mwanamke. Miguu ni yako."

"Na aibu itakuwa ya nani?"

Kisimani, mtu akiruka zamu kwa jina la mumewe, hutukanwa mpaka wajukuu wake wasikie. Nilijua hilo tangu nikiwa mchungaji, ila siku ile kifua kilikuwa kimenivimba.

Wakaenda barabarani, wote, ukingoni mwa lami, nami nyuma yao na fimbo yangu. Malori yakawafunika vumbi, na moja lilikuwa langu. Bodaboda ya kwanza ikapiga honi. Ya pili ikapita karibu mno, hata buibui la mke wangu likapepea. Hawakufika mbali. Mmoja akasema ana mtoto mgonjwa nyumbani, mwingine akasema jua limekuwa kali, wakapungua hivyo hivyo mpaka akabaki yeye, amesimama, anapigapiga mguu chini kuondoa ganzi.

"Turudi," akasema.

"Kesho nitakwenda tena ofisini."

"Nenda. Lakini jina langu usilitaje. Sema wanawake."